Edmond Michelet: Kutoka Dachau hadi Wizara ya Sheria

SWALI: Ndugu Mhariri, katika toleo lililopita mlimtaja kwa mstari mmoja tu Edmond Michelet, Mfaransa aliyetoka katika kambi ya Manazi akawa waziri. Naomba kujua alifikaje huko, na kama mateso aliyoyapata yaliathiri kazi yake serikalini.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, Michelet alizaliwa Paris mwaka 1899, lakini maisha yake ya utu uzima aliyajenga katika mji wa Brive, alikofanya udalali wa bidhaa za chakula na kulea watoto 7 pamoja na mkewe. Tarehe 17 Juni 1940, siku ambayo Marshali Pétain, mkuu mpya wa serikali ya Ufaransa, aliwatangazia Wafaransa kwamba hawana budi kuacha kupigana na Wajerumani waliowavamia, Michelet na wenzake walisambaza katika masanduku ya barua ya mji huo kikaratasi chenye maneno ya mwandishi Charles Péguy, yanayomsifu yule anayekataa kusalimu amri. Wito mashuhuri wa Jenerali de Gaulle kutoka London, wa kuendelea kupigana, ulikuja kesho yake. Nalisisitiza jambo hili kwa kuwa linaonyesha kwamba dalali huyu hakungoja kutumwa na mkubwa yeyote.

Baadaye aliongoza kundi la siri la kuwapinga Wajerumani, Combat, katika eneo la Limousin, uliko mji wa Brive, na kuwasaidia Wayahudi waliokuwa wakisakwa, hadi alipokamatwa mnamo Februari 1943, akafungwa katika gereza la Fresnes karibu na Paris na kisha kupelekwa Dachau, kambi ya Manazi huko Ujerumani. Huko aliwahudumia wagonjwa wakati wa mlipuko wa homa kali inayoenezwa na chawa, naye mwenyewe akaugua. Wamarekani walipoikomboa kambi tarehe 29 Aprili 1945, hakukimbilia nyumbani, bali alibaki kushughulikia safari za wenzake.

Mwezi Novemba mwaka huohuo de Gaulle, aliyekuwa sasa mkuu wa serikali, alimteua kuwa Waziri wa Majeshi, wadhifa alioushika hadi Desemba 1946. Hata hivyo, jibu la sehemu ya pili ya swali lako limo katika Wizara ya Sheria, aliyoiongoza kuanzia Januari 1959, wakati vita vya Algeria vilipokuwa vimepamba moto na magereza ya Ufaransa yamejaa Waalgeria waliotuhumiwa kuwa wafuasi wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria kutoka kwa Ufaransa. Michelet, aliyejua kwa mwili wake mwenyewe maana ya kuwa mfungwa, alikubali watu hao wawekwe katika hali tofauti na ile ya wahalifu wa kawaida. Waziri Mkuu Michel Debré alimwona mlegevu mno, na Agosti 1961 akaondolewa wizarani. Haifai kumfanya malaika, kwani kwa miaka zaidi ya miwili alikaa katika serikali iliyokuwa ikiendesha vita hivyo. Lakini ndani ya serikali hiyo alisimamia ubinadamu wa wafungwa pale ambapo kunyamaza kungemlindia cheo, na kwangu mimi huo ni ushujaa wa pili baada ya ule wa Brive.

De Gaulle, aliyekuwa Rais wakati huo, hakumtupa: mwaka 1962 Michelet aliingia katika Baraza la Katiba, na mwaka 1967 akarudi serikalini. Mwaka 1969, chini ya Rais Georges Pompidou, alichukua nafasi ya André Malraux katika Wizara ya Utamaduni. Alifariki akiwa bado waziri, tarehe 9 Oktoba 1970, nyumbani kwake karibu na Brive, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 71.