Arusha hadi Seronera kwa ndege ndogo: jinsi ya kumhesabia mgeni muda

Ukianza kazi katika ofisi ya safari hapa Arusha, hutamaliza wiki kabla mgeni hajakuuliza Serengeti ni muda gani kwa ndege. Usikimbilie kujibu. Kutoka uwanja wa Arusha, ule wa Kisongo, hadi kiwanja cha Seronera, katikati ya Serengeti, ni kama kilomita 225 kwa mstari ulionyooka. Cessna Caravan, ndege ndogo ambayo ndiyo utakutana nayo zaidi njia hii, huenda takriban kilomita 300 kwa saa. Gawanya, utapata dakika 45. Hesabu haina kosa, ila ukimwandikia mgeni hivyo jiandae kwa simu za lawama.

Uliza kwanza ndege inatua wapi njiani. Tuseme inapitia Manyara. Arusha hadi Manyara ni kama kilomita 90, Manyara hadi Seronera kama 150, jumla 240. Umeongeza kilomita 15 tu, ambazo angani ni dakika tatu. Lakini ndege itapunguza mwendo, ishuke, itue, ishushe watu na mabegi, ipakie wengine, kisha ianze upya kupanda ili ivuke nyanda za juu za Ngorongoro. Hapo robo saa imeshakwenda, na abiria mmoja akichelewa kufika kiwanjani, zaidi. Ndiyo maana mimi nahesabu vituo kabla ya kilomita. Mpangilio wa vituo nao hubadilika kufuatana na abiria wa siku hiyo: mgeni wako wa Seronera anaweza kupelekwa kwanza Kogatende, kaskazini kabisa mwa Serengeti, ndipo arudishwe. Kwenye ratiba andika saa moja hadi moja na nusu, na dereva mbugani awe na namba ya mtu wa ofisini.

Jambo jingine, na hili linawagharimu wengi: KIA, yaani uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, na Arusha ni viwanja viwili. Tiketi ya kimataifa itaandikwa JRO, ya mbugani ARK. Kati yake kuna zaidi ya kilomita 50 za barabara, na foleni ya mjini iko katikati. Ndege ya ng'ambo ikitua KIA asubuhi, usimkatie mgeni ya Kisongo ya saa mbili baadaye. Viza na mizigo peke yake vinaweza kula saa nzima.

Mizigo ni kilo 15 kwa kawaida, begi laini. Sanduku gumu la magurudumu halikunjiki kwenye sehemu ya mizigo, na ukimwambia mgeni akiwa tayari uwanjani hakusikilizi.

Wakati wa kurudi, kama ana ndege ya kwenda Ulaya jioni, mtoe Seronera asubuhi. Viwanja vya mbugani havina taa, mvua ikichelewesha ndege ya alasiri hakuna ya usiku ya kumwokoa, na kwa gari kutoka Seronera kupitia lango la Naabi na Ngorongoro ni karibu siku nzima.