12 ya risasi si 12 ya kompyuta
Umeuliza kama herufi za saizi 12 za risasi (vipande vya madini ya risasi vya kuchapia) zinalingana na saizi 12 ya kompyuta. Hapana ndugu, hazilingani. Herufi za risasi zilizokuja Lubumbashi kutoka Ubelgiji hupimwa kwa pointi (kipimo cha ukubwa wa herufi) ya Didot, mchapaji wa Ufaransa: pointi yake moja ni 0.376 mm, ya kompyuta ni 0.353 tu. Didot aligawa inchi ya mfalme wa Ufaransa, ndefu kuliko ya Kiingereza. Kwa hiyo 12 ya risasi ni 4.51 mm, na kwenye kompyuta utaandika 12.8. Ila pima mwili wa risasi, yaani kipande chenyewe, si uso wa herufi unaochapa, maana uso huwa mdogo kuliko mwili.

Kuchanganya na herufi za Kiingereza ndiyo taabu yenyewe: kimo chake, toka chini ya kipande hadi uso, ni 23.32 mm, za Kifaransa 23.56. Zile fupi hazishiki wino vizuri mpaka uzibandikie karatasi chini.