Ndoo ya deki ndiyo iliyotuponza

Swali lenu la wiki hii: wanafunzi wa bweni wakianza kutapika na kuhara, cha kwanza kufanya ni nini? Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana miaka 9, na jibu langu linaanzia nilipokosea.

Jumapili usiku binti wa kidato cha pili alitapika katikati ya vitanda viwili vya deka. Nikachota maji, nikapiga deki pale, na kwa kuwa ndoo ilikuwa mkononi nikamalizia na korido nzima. Nilijiona mchapakazi. Kufika Jumanne asubuhi, wagonjwa walikuwa 17.

Mwalimu wa zamu aliwashukia wapishi: maharage hayakuiva. Bwana afya yeye alichukua kwanza sampuli za choo zikapimwe kipindupindu (hilo msilikisie, piteni zahanati siku hiyohiyo), kisha akanigeukia: "Matroni, hilo tambara lilipita wapi?" Kipindupindu hakikuonekana. Akasema mwendo ule, matapishi ya ghafla na nafuu baada ya siku mbili tatu, unafanana na norovirusi, virusi vya tumbo ambavyo humuumiza mtu saa 12 hadi 48 baada ya kumwingia. Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Iliangukia kwenye ndoo yangu.

Kumbe matapishi huzolewa kwanza kwa karatasi za kutupa, glovu mkononi na barakoa usoni, maana chembe zake huruka. Uchafu ukishatoka ndipo unamwaga jiki ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, unaiacha dakika 10. Ukiimwaga juu ya uchafu, nguvu yake yote inaishia hapo. Na tambara la pale halivuki kwenda pengine.

Ile chupa ya sanitaiza mlangoni pa bwalo, tuliyoizoea tangu korona, haikutufaa; virusi hivi havijali sana spiriti. Tukarudisha ndoo za koki, na sabuni ndani ya soksi iliyofungwa kwenye koki. Foleni ya uji ikarefuka, walimu wakanung'unika, nikawaacha wanung'unike.

Kazi ngumu ilikuwa waliopata nafuu. Binti ameacha kutapika asubuhi, mchana anataka kurudi zamu ya kugawa chakula. Nilimzuia saa 48 tangu choo kitulie ndipo arudi bwenini, na jikoni wiki 2 nzima, kwa sababu virusi huendelea kutoka chooni muda wote huo wakati mwenyewe anaruka kamba.

Wengine walijificha. Walikuwa wakienda vyoo vya nje usiku, wanarudi wamekauka midomo, wanaapa hawaumwi, kisa hawataki kufungiwa chumba cha wagonjwa. Sikuwagombeza. Nilipeleka kule redio, madaftari yao na jagi la ORS (maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), wanywe kidogokidogo. Kesho yake wakaanza kujileta wenyewe, wakiwemo wawili ambao matumbo yao hayakuwa na neno lolote.