Chasisi uliyoichomelea usiikimbize kwa rangi ya unga

Ndugu, umeuliza kama chasisi ya pikapu uliyoitia viraka vya chuma yatosha kuipiga brashi ya waya kisha kuipeleka rangi ya unga, ile poda inayopulizwa juu ya chuma kisha ikayeyushwa tanurini. Haitoshi. Mimi nilijaribu hapa Kisumu, nikalipa mara mbili.

Yangu ilikuwa imeliwa na kutu nyuma, tukaichomelea bamba. Ilipotoka tanurini ilimeta kweli, ila kando ya lile bamba malengelenge yalijipanga kama punje za mtama. Nilitumbua moja kwa ukucha, kidole kikatoka na mafuta meusi. Grisi ya miaka na mikaka ilijificha kati ya vyuma viwili, na ilipopata joto la karibu nyuzi 200 ikatafuta pa kutokea.

Kwa hivyo anza na mafuta, kabla ya kupuliza mchanga kwa hewa ya kasi ili kukwangua kutu na rangi kuukuu, maana mchanga huyasambaza tu. Osha kwa dawa ya grisi na maji moto, hadi ndani ya matundu. Kisha omba iingizwe tanurini ikiwa tupu. Itatoa jasho kwenye maungio. Ikishapoa kabisa (thina na chuma cha moto haviketi pamoja!), futa kwa thina, urudie mpaka kitambaa kitoke safi. Hapo ndipo upulize mchanga.

Kwenye welding, gamba lote linalobaki juu ya mshono ligongwe litoke. Mig nayo, ile welding ya waya na gesi, huacha vidoa vya kahawia kama vigae vya chupa. Brashi huteleza juu yake na unga haushiki, kwa hivyo tumia diski ya kusagia. Ncha kali zizungushe kidogo, kwani unga ukiyeyuka huzikimbia. Bomba lililozibwa pande zote litoboe tundu la kupumulia. Puti ya kawaida haistahimili tanuri, na bushi za mpira zitoe.

Ziba nyuzi za bolti, mahali waya hasi wa betri unapofungwa, na nambari ya chasisi, usije ukaikwangua siku ya ukaguzi.

Baada ya mchanga usiishike kwa mikono mitupu, wala isilale nje. Kwa hewa hii ya ziwa, iliyopulizwa asubuhi yaweza kuwa nyekundu kwa kutu jioni.

Na kabla ya kukodi lori, nenda na futikamba ukapime tanuri. Kwa yule fundi wangu wa pili nilifika na chasisi ya mita nne na nusu, tanuri lake lilikuwa la mita nne.