Anayekokotwa Ndiye Mwenye Breki

Katika miaka niliyofanya kazi ya kukokota magari hapa Dodoma, upande wa barabara ya Morogoro kupitia Chamwino hadi Kibaigwa, na upande wa magharibi unaoelekea Bahi na Manyoni, nimeona mara nyingi gari bovu likikabidhiwa mtu yeyote aliye karibu, awe utingo au ndugu wa mwenye gari, kwa hoja kwamba kazi yake ni kushika usukani tu. Ninyi mnaoanza kazi hii, naomba muiache hoja hiyo kabla hamjafunga kamba yenu ya kwanza. Kamba huvuta lakini haizuii. Gari la mbele linapopunguza mwendo, hakuna kinacholizuia la nyuma isipokuwa mguu wa dereva wake, na ndiyo maana mimi humweka nyuma dereva mwenye uzoefu zaidi kati ya wawili waliopo. Awe na leseni halali ya daraja la gari hilo, awe hajanywa pombe, na asibebe abiria hata mmoja. Kama wapo wanaosafiri na gari hilo, watafutiwe usafiri mwingine.

Dereva huyo wa nyuma aelezwe mapema kwamba gari alilozoea kuliendesha sasa lina tabia nyingine. Injini ikiwa imezimwa, nguvu inayosaidia kanyagio la breki huisha baada ya kukanyaga mara mbili au tatu, kisha kanyagio huwa gumu na humlazimu kukanyaga kwa nguvu ya mguu mzima. Usukani nao huwa mzito, hasa kwenye kona za mwendo mdogo. Ufunguo uzungushwe hadi mahali ambapo usukani haujifungi, na usichomolewe kabisa mpaka mwisho wa safari. Nimewahi kumkuta kijana ameuchomoa na kuutia mfukoni kwa hofu ya kuupoteza, na tungeondoka hivyo, asingeweza kukata hata kona ya kwanza.

Kwa malori jambo hili ni zito zaidi. Lori lenye breki za upepo likikaa bila injini, upepo hupungua kwenye matangi na springi za breki hubana magurudumu zenyewe. Baadhi ya mafundi huzilegeza springi hizo kwa boluti zake ili lori liweze kusogea, na wanafanya vyema, lakini kumbukeni kwamba tangu wakati huo lori hilo halina breki ya kuaminika. Lori la namna hiyo halivutwi kwa kamba hata kwa nusu kilometa. Linyanyuliwe kwa gari la kukokotea, au liunganishwe kwa chuma kigumu na gari lenye uzito wa kulimudu, na pale inapowezekana lipewe upepo kwa bomba kutoka gari la mbele ili breki zake zifanye kazi.

Nikirudi kwenye kamba, urefu wa mita nne hivi kati ya magari mawili unatosha kwa gari dogo. Ikiwa fupi mno, dereva wa nyuma hapati nafasi ya kujibu; ikiwa ndefu mno, magari yanayopita hujipenyeza katikati, na waenda kwa miguu huvuka bila kuiona. Fungeni kitambaa chekundu au cheupe katikati yake. Hata katika umbali huo nafasi ni ndogo kuliko inavyoonekana: dereva wa mbele akifunga breki kwa nguvu, na yule wa nyuma akachelewa sekunde moja tu kuitikia, zaidi ya mita tatu zimekwishaliwa. Kwa sababu hiyo dereva wa mbele hapaswi kufunga breki ghafla isipokuwa kwa kuokoa maisha, na yule wa nyuma aweke mguu juu ya kanyagio muda wote, akikanyaga taratibu kila anapoona kamba inalegea.

Mahali panapowashinda wengi ni kwenye matuta ya barabarani, ambayo katika barabara zetu yapo karibu kila penye kijiji. Gari la mbele hupunguza mwendo ili lipande tuta, la nyuma huendelea kuja, kamba hulegea na kulala chini, gurudumu la nyuma hupita juu yake. Kisha la mbele hushuka tuta na kuongeza mwendo, kamba hukazika kwa mshtuko, na ama inakatika au inang'oa mahali ilipofungwa. Hili lilinipata mwanzoni mwa kazi yangu, na kipande cha chuma kilichong'oka kilitua kwenye kioo cha gari langu upande wa nyuma. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo simruhusu mtu yeyote kusimama karibu na kamba iliyokazwa, na kabla ya kila tuta hupunguza mwendo mapema sana, nikimpa mwenzangu wa nyuma ishara ya honi tuliyokubaliana, ili yeye ndiye aanze kushika breki na kamba ibaki imenyooka wakati wote tunapovuka.

Ishara hizo zikubaliwe mkiwa mmesimama. Sisi hutumia honi moja kwa kupunguza mwendo, mbili kwa kusimama, na mfululizo kwa hatari. Dereva wa nyuma naye ana haki ya kusimamisha safari wakati wowote anapoona jambo asiloliamini. Taa za tahadhari ziwake kwenye magari yote mawili, lakini mjue kwamba katika magari mengi indiketa haionekani wakati taa hizo zinawaka, hivyo dereva wa mbele azizime kwa muda anapotaka kukata kona, kisha aziwashe tena.

Kuhusu mwendo, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Hicho ni kikomo cha gari zima lenye breki zake na usukani wake. Kwa gari linalokokotwa kwa kamba mimi sizidi 30, na kwenye mteremko kama ule wa Saranda, mtu anapotoka Manyoni kushuka kuelekea Kintinku, sikokoti kwa kamba kabisa. Pale uzito wa gari la nyuma hulisukuma lenyewe, breki isiyo na msaada wa injini hupata moto, na hakuna ustadi wa dereva unaoweza kufidia hilo.

Msifunge kamba kwenye bampa, wala kwenye vyuma vya usukani. Magari mengi yanayoletwa kutoka Japani yana vijishimo au vikulabu chini yake ambavyo viliwekwa kwa ajili ya kulifunga gari lisitikisike melini. Hivyo havikutengenezwa kwa kuvutia. Pete halisi ya kukokotea mara nyingi huwekwa pamoja na jeki na spana ya magurudumu, nayo huingizwa kwenye tundu lililofunikwa kifuniko kidogo kwenye bampa na kukazwa hadi mwisho. Gari la gia za otomatiki lisivutwe magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, kwa kuwa pampu ya mafuta ya giaboksi haizunguki injini ikiwa imezimwa. Na lile linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne lipakiwe juu ya gari la kubebea.

Katika kiangazi, kwenye barabara za vumbi za wilayani, dereva wa nyuma anaweza asione hata taa za breki zilizo mita nne mbele yake. Hapo nendeni kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, au subirini gari la kubebea. Wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, gari lililozama kwenye tope lichimbuliwe kwanza kwa sepetu kabla ya kuvutwa, kwa sababu kulinyakua kwa mbio ndiko kunakokata kamba. Usiku sikokoti gari ambalo taa zake za nyuma haziwaki.

Mnapoondoka mahali gari lilipoharibikia, okoteni mawe yote mliyoweka nyuma ya magurudumu na matawi mliyotandaza barabarani, kwani mwenye pikipiki atakayepita baada yenu hatajua kwamba tahadhari hiyo imekwisha. Mkifika, chagueni mahali tambarare, vuteni breki ya mkono, wekeni kigingi mbele na nyuma ya magurudumu ya gari lililokokotwa, kisha gari la mbele lirudi nyuma kidogo ili kamba ilegee. Ndipo mwifungue, mkianzia upande wa gari la mbele, huku dereva wa nyuma akiwa bado ameketi kwenye kiti chake na mguu wake ukiwa juu ya breki.