Dirisha la Kusini na Beseni la Buluu

Vijana wanaoanza uchoraji huniuliza wachore nini, nami huwauliza mkono wao huenda wapi wasipoutuma. Mimi nilichelewa sana kujiuliza hivyo. Nilichora twiga, machweo na wacheza ngoma kwa kuwa ndivyo wateja walivyotaka, hadi masika fulani nilipogundua kwamba turubai nilizoziegemeza ukutani zikiwa zimebanana zilikuwa zimeota ukungu mgongoni. Nilipozitandaza uani zikauke, niliona nisichowahi kukiona: katika picha kumi na moja, pembeni, nilikuwa nimechora beseni la buluu.

Beseni hilo nalifahamu. Ni la soko la samaki la Feri, pale Magogoni, Dar es Salaam, ambako mama yangu alinunua samaki mnadani, akawakaanga na kuwauza Temeke. Alfajiri, maji yanayobaki ndani yake huwa meusi kama wino, kisha ukingo mmoja hung'aa, na magamba yaliyonata kwenye plastiki huanza kumetameta moja moja. Tangu hapo nalichora kwa makusudi, na bado sijalimaliza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: toa kazi zako zote nje, hata zile unazozionea aibu, uzipange sambamba na utafute kitu kidogo kinachojirudia bila wewe kukikusudia. Fanya hivyo kabla ya kuazima mada ya mtu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini hapa mwaka 1968, kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya hadibodi, na akafariki mwaka 1972. Miaka hiyo michache ilitosha kuzaa mtindo unaobeba jina lake hadi leo. Kunakili wanyama wake ni shule nzuri ya mkono, lakini naumia nikiona kijana mwenye kipaji akizeeka ndani ya shule hiyo.

Kuhusu chumba, usifuate vitabu vya Ulaya vinavyosisitiza dirisha la kaskazini. Huko jua la mchana hupita kusini, hivyo upande wa kaskazini hubaki na mwanga mtulivu. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri huwa kaskazini kwetu, likipiga turubai moja kwa moja. Dirisha langu linatazama kusini, na miezi inayobaki naliziba kwa kitambaa cheupe cha marikani. Turubai nazo sasa zinakaa juu ya vipande vya mbao, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, hewa ipite.

Beseni la mama liko chini ya dirisha hilo. Limepasuka ukingoni, lakini bado linashika maji, nami hulijaza kila asubuhi kabla sijashika brashi.