Uliza kilo kabla ya kuuliza bei

Mhariri, salaam.

Swali lenu la wiki hii limetoka kwa dada aliyeko Muscat anayetaka kumnunulia mama yake godoro huko Tanga kwa njia ya simu: mtu atachaguaje godoro asiloweza kulilalia kwanza? Mimi ni fundi wa masofa Keko, Dar es Salaam. Sponji ndiyo riziki yangu, kwa hiyo nitajibu kifundi. Dada, kabla hujauliza bei, mwambie muuzaji akutajie godoro lina kilo ngapi. Akisema hajui, mwambie alipime. Akikataa kulipima, piga simu duka jingine.

Usidhani aliyepo dukani amekuzidi sana. Ingia duka lolote la Kariakoo utaona magodoro yamesimamishwa ukutani, yamevikwa nailoni, na juu ya kaunta pameandikwa "Mali ikishauzwa hairudishwi". Mteja anabonyeza kwa kiganja mara mbili tatu, anatikisa kichwa kuridhika, analipa. Kiganja hakina nyonga wala bega, kitajuaje usiku utakuwaje? Marekani kampuni ya Casper, iliyoanza mwaka 2014 kuuza magodoro kwa mtandao, ilikuja kumpa mteja siku 100 za kulilalia, na asipoliridhia analirudisha. Duka la kwetu halikupi hata usiku mmoja. Kwa hiyo sote, wa Muscat na wa Kariakoo, tunanunua kitu tusichokijaribu. Tofauti ni nani kauliza maswali.

Sasa nieleze kwa nini kilo. Sponji hutengenezwa kwa kuchanganya kemikali mbili za maji maji pamoja na maji kidogo. Mchanganyiko ule hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na gesi hiyo ndiyo inayouumua mpaka unajaa vitundu. Kiwanda kikitaka sponji la bei nafuu, kinaliumua zaidi: vitundu vingi, mali ghafi kidogo. Ukubwa ni ule ule, rangi ile ile, lakini ndani umenunua hewa. Kipimo cha jambo hili ndicho kinachoitwa densiti, yaani kilo ngapi za sponji zimo katika mita moja ya ujazo. Densiti ndiyo inayoamua kama godoro litabaki na umbo lake au litafanya shimo katikati kabla mwaka haujageuka.

Ugumu ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo wengi wanapopotezwa. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji jepesi likawa gumu, au zito likawa laini, kwa kubadilisha tu vipimo vya kemikali. Lile jepesi lililofanywa gumu ndilo linalowapendeza wabonyezaji wa kiganja, na ndilo linalokufa mapema. Maandishi makubwa ya "densiti ya juu" kwenye kitambaa nayo yasikutoshe, kwa sababu kila kiwanda kina "juu" yake chenyewe. Nembo ya shirika la viwango, TBS kwetu au KEBS kwa walioko Kenya, itafute, lakini inakuambia bidhaa imefikia kiwango cha chini tu. Haikuambii kama godoro linamfaa mama.

Hesabu yenyewe haihitaji fundi. Zidisha urefu kwa upana kwa futi, kisha zidisha kwa unene kwa inchi. Weka jibu pembeni. Chukua kilo za godoro, punguza kilo moja au mbili za kitambaa, zidisha kwa 424, halafu gawa kwa lile jibu uliloweka pembeni. Chukua godoro la 5 kwa 6 lenye inchi 8: tano mara sita mara nane ni 240. Kama sponji peke yake lina kilo 14, densiti yake ni karibu 25. Kama lina kilo 9, densiti ni 16 tu, na hilo mimi siliweki hata kwenye mgongo wa sofa. Kwa uzoefu wangu, mtu mzima wa uzito wa kawaida anayelilalia kila siku asishuke chini ya 23. Mwenye mwili mkubwa, au kitanda cha watu wawili, tafuta 28 kwenda juu. La chumba cha wageni wanaokuja sikukuu kwa sikukuu, 18 itasogeza siku.

Muuzaji atakwambia hana mizani ya kupimia godoro. Anayo, au jirani yake anayo. Mtu asimame kwenye mizani ya kupimia uzito akiwa amelibeba, kisha asimame bila godoro, atoe tofauti. Aliyekuwa na nia ya kuuza hafanyi uvivu wa dakika mbili, na unaweza kumwomba akuonyeshe namba kwa video.

Lakini kilo nazo zina wajanja wake. Kuna sponji lililotiwa unga wa chokaa ili liwe zito. Uzito umeongezeka, nguvu haikuongezeka. Kuna pia magodoro ya vipande, yaliyogandishwa kwa gundi kutoka kwenye mabaki ya viwandani. Haya huwa mazito kweli kweli, la 5 kwa 6 linaweza kuwashinda vijana wawili ngazini, na mara nyingi ndiyo yanayouzwa kama "ya wagonjwa wa mgongo" kwa bei ya kutisha. Si wizi, ni sponji linalodumu, ila ni gumu na joto, na si kila mgongo unalihitaji. Ndiyo maana baada ya kilo ombi lako la pili liwe zipu. Wafungue kitambaa, wapige picha ya ubavu wa sponji. La vipande utaliona lina madoa ya rangi rangi. La kawaida lina rangi moja na vitundu vidogo vinavyolingana. Kisha mtu akandamize kwa ngumi, ahesabu mpaka kumi, aachie. Sponji zuri linarudi papo hapo. Lililotiwa chokaa nyingi hujivuta.

Sasa kuhusu mgongo, maana najua mama wa Tanga, kama mama zetu wote, ameshaambiwa alale pagumu. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania na Kovacs na wenzake. Watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno waligawanywa, wengine wakapewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa wastani, wakafuatiliwa kwa siku 90. Waliolalia ya wastani ndio waliopata nafuu zaidi. Ukitafakari inaeleweka: anayelala ubavu anahitaji bega na nyonga vizame kidogo ili uti wa mgongo unyooke. Pagumu panamsukuma begani na kumwacha kiuno hewani. Kwa hiyo dada, usikubali kuuziwa ubao kwa jina la tiba. Uliza kwanza mama analala vipi. Anayelala ubavu, mwepesi wa mwili, mpe la wastani linaloegemea ulaini. Anayelala chali au kifudifudi, au mzito, lisogee kwenye ugumu.

Na jinsi ya kujua "wastani" wa muuzaji ni upi ukiwa Muscat? Njia bora niijuayo ni kutafuta godoro ambalo mama ameshalilalia akaamka vizuri. Pengine ni kwa binti mwingine Korogwe, pengine ni gesti aliyofikia alipokwenda hospitali. Mtu afunue shuka, asome lebo, apige picha, apime unene. Hilo ndilo jaribio lako, tayari limeshafanyika. Kama halipo, mtume ndugu mwenye mwili kama wa mama aende dukani. Kijana wa kilo 90 hawezi kumchagulia bibi wa kilo 50, sponji litamdanganya kila mmoja kivyake. Huyo ndugu asibonyeze. Aombe godoro lilazwe chini, nailoni ikiwa juu yake, alale ubavu robo saa. Watamcheka, halafu watazoea.

Kama mama ni wa umri wa kukulia kwenye godoro la sufi, jambo moja zaidi. Sufi haikuwa na mdundo. Mtu alilala juu yake, likikandamizwa sana linaanikwa juani, linapigwa fimbo, au fundi anaitwa kulifumua na kulishona upya. Waliozoea hivyo wakiwekewa sponji nene na laini hulalamika kwamba linawameza. Hawadeki. Kwao nashauri sponji lisilo nene sana.

Unene wenyewe pima kwa kiti. Tafuta kiti ambacho mama huinuka bila kushika meza, pima kimo chake. Tuseme ni inchi 18. Kitanda chake kutoka sakafuni mpaka kwenye chaga kina inchi 12. Basi godoro la inchi 8, likishabonyea kidogo chini ya uzito wake, linampa kimo kile kile. Watoto walioko nje hupenda kutuma la inchi 12 ili majirani waone, na bibi anaishia kupanda kitanda kwa kigoda. Mimi nimeletewa kazi ya kukata miguu ya kitanda kizuri cha mninga kwa sababu hiyo hiyo, na iliniuma kuukata.

Kitanda kipimwe ndani kwa ndani, kwa tepu, pande zote mbili. Mafundi seremala wenzangu wanisamehe, lakini "tano kwa sita" yetu si moja. Magodoro yanayotoka nje huja kwa sentimita, 150 kwa 190 au 160 kwa 200, ilhali futi 5 kwa 6 ni karibu 152 kwa 183. Lile la 190 litakunja shingo kwenye ubao wa kichwani. Mwenye kupima aangalie na chaga. Nafasi kati ya mbao ikizidi inchi tatu, sponji huzama mle na godoro zuri linaonekana bovu. Usizibe kwa plaiwudi nzima bila matundu. Kwa unyevu wa Tanga, chini ya godoro patafanya ukungu.

Usishawishike na lile sponji linalobaki na alama ya mkono, linalotangazwa kwamba ni teknolojia ya NASA, shirika la anga la Marekani. Hilo ni kweli, Charles Yost alilibuni mwaka 1966 akifanya kazi kwa ajili ya NASA, kwa viti vya ndege. Ila hulainika kwa joto na kukaza kwa baridi. Lushoto asubuhi ya Julai litakuwa gumu mpaka mwili ulipashe. Tanga mjini mwezi wa Februari litamlainikia mama mpaka azame, na litamtunzia joto usiku kucha. Ya springi nayo siyasemi sana. Mizani haikuambii kitu juu ya waya uliomo ndani, kwa hiyo bila kulilalia mimi singenunua.

Malipo: toa nusu, nusu ibaki mpaka mtu wako aone namba kwenye mizani na picha ya zipu. Kama linasafirishwa kwa basi kutoka Dar, lisikunjwe likafungwa kamba kwa siku kadhaa kwenye godauni. Lisafiri bapa au lizungushwe kwa ulegevu. Likifika nailoni itolewe siku hiyo hiyo, likae dirishani mpaka harufu ya kiwandani iishe. Mama atapinga, atasema nailoni inalitunza. Mtumie pamoja na kifuniko cha pamba chenye zipu kinachofulika, ndipo atakubali kuichana.

Fundi masofa,
Keko, Dar es Salaam